SOMO LA AFYA: Kwa Nini Muuguzi Hufunga Mlango na Kufungua Dirisha

Tuseme unaishi Kawangware na mtoto wako mwenye pumu amebanwa kifua usiku. Asubuhi na mapema unamkimbiza kituo cha afya. Kabla ya Covid-19 huenda angewekewa mashine ya mvuke palepale kwenye benchi, wewe ukiwa umempakata. Leo muuguzi anampa dawa kwa inhela iliyounganishwa na chupa ya plastiki. Au anampeleka chumba cha peke yake, anafungua dirisha, anafunga mlango na kuwaomba jamaa wabaki nje.

Wengi huudhika wakaona wanabaguliwa. Somo la leo linaeleza sababu ya mlango huo kufungwa.

Virusi husafiri vipi?

Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Baada ya hapo tulihimizwa kuvaa barakoa na kuacha nafasi kati yetu. Mtu akikohoa, akipiga chafya au akizungumza, hutoa matone. Yale makubwa huanguka chini upesi, mengi yake kabla ya kufika mita mbili.

Lakini ziko pia chembe ndogo mno ambazo huelea hewani, kama moshi wa jiko la makaa katika chumba kisicho na dirisha. Umbali pekee hauzizuii. Kinachoziondoa ni hewa safi inayoingia na kutoka.

Matibabu yenye hatari zaidi

Baadhi ya huduma huzidisha chembe hizo au humlazimu mhudumu kuinamia kinywa cha mgonjwa:

- Kumwingizia mgonjwa mahututi mpira kooni ili mashine imsaidie kupumua.
- Kunyonya makohozi kwa mpira.
- Kumfufua mtu ambaye moyo wake umesimama.
- Kutoboa au kusafisha meno kwa mashine, ambayo hurusha maji yaliyochanganyika na mate.

Kuhusu mashine ya mvuke, wataalamu bado wanajadiliana. Kwa tahadhari, wengi huchagua inhela mgonjwa anapoweza kuitumia.

Somo hili lilijulikana mapema. Mwaka 2003 ugonjwa wa SARS, ambao virusi vyake ni vya jamii moja na hivi vya Covid-19, ulifika Toronto, Kanada. Baadhi ya wahudumu walioambukizwa walikuwa karibu na mgonjwa alipokuwa akiingizwa mpira kooni. Ndiyo sababu kwa kazi kama hizo daktari huvaa barakoa aina ya N95, ambayo huzuia angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, pamoja na kinga ya macho, gauni na glavu.

Hapa nyumbani, Julai 2020 tulimpoteza Dkt. Doreen Lugaliki, bingwa wa afya ya akina mama, daktari wa kwanza nchini kufariki kwa Covid-19. Wakati huo, mhudumu mmoja akiugua, wenzake waliokuwa naye zamu moja nao walilazimika kukaa karantini. Foleni ya asubuhi iliyofuata ilibaki ileile, na wa kuihudumia walikuwa wamepungua.

Usikose huduma za kawaida

Wagonjwa wa kwanza walitengwa Mbagathi, na walikuwapo walioogopa kukanyaga kituo chochote cha afya. Hofu hiyo nayo huua. Kumchanja mtoto, kupimwa presha, kuchukua dawa za kisukari au za HIV na kliniki ya wajawazito si miongoni mwa huduma tulizotaja. Ukivaa barakoa, ukanawa mikono na kuacha nafasi kwenye foleni, hatari hupungua sana. Iwe ni Ngaira katikati ya jiji, Westlands, Kangemi, Riruta au Waithaka, nenda kliniki yako kwa tarehe uliyopewa.

Wajibu wako

1. Sema ukweli mlangoni. Taja homa, kikohozi, kupoteza harufu, au kama umekaa na mgonjwa. Hutafukuzwa. Jibu lako humwambia muuguzi avae nini na akuweke wapi.
2. Ukiwa na dalili hizo, piga simu kabla ya kutoka nyumbani. Ukishindwa kupumua vizuri, usisubiri. Nenda hospitali mara moja.
3. Wakati wa janga tulishauriwa: jino likiweza kungoja, lingoje. Lakini uso ukivimba, ukipata homa au damu isipokoma, nenda siku hiyohiyo.
4. Mwenye pumu abebe inhela yake.
5. Msindikizaji awe mmoja. Akiombwa kusubiri nje, asubiri.

Mlango ukifungwa, kumbuka walio upande wako: mjamzito, mzee wa presha, mtoto aliyekuja kuchanjwa. Umefungwa kwa ajili yao pia.