MAJI MAANGAVU HUENDA YAKAWA NA SUMU

Tumezoea kusema maji maangavu ni mazuri. Tena tukiyachemsha, basi, tumemaliza kazi. Kweli, kuchemsha huua vijidudu, na tuendelee kuchemsha. Lakini ipo sumu nyingine isiyoonekana. Petroli au dawa ya kuondolea grisi ikimwagika, huzama ardhini polepole mpaka kwenye maji ya kisima.

Huko Woburn, Marekani, visima viwili vya mji vilifungwa mwaka 1979. Maji yake yalipopimwa yalikutwa na dawa ya kuondolea grisi. Watu walikuwa wameyanywa kwa miaka mingi.

Ndani ya petroli mna benzini, nayo huleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linashauri benzini isizidi mikrogramu 10 katika lita 1 ya maji. Je, hiyo ni kiasi gani? Gramu 1 tu yatosha kufikisha kipimo hicho katika lita 100,000, yaani madebe 5,000! Pua haiwezi kunusa kiasi hicho. Maabara inaweza.

KUCHUKUA MAJI YA KUPIMA

Sumu hizi huruka upesi, kama petroli katika chupa iliyo wazi. Kwa hiyo:

1. Tumia chupa ndogo ya kioo kutoka maabara.
2. Jaza taratibu mpaka pomoni.
3. Funga, kisha pindua chupa. Ukiona kiputo cha hewa, chukua maji upya.
4. Iweke penye barafu, mbali na dumu la petroli.

KATIKA MAABARA

Mpimaji hupitisha gesi safi ndani ya maji. Gesi huibeba sumu, nayo hunaswa katika bomba dogo. Bomba hupashwa moto, sumu ikapita kwenye mrija mrefu mwembamba. Kila sumu hutoka kwa wakati wake, kama watu wa njia moja wenye mwendo tofauti. Mashine huitambua na kuipima.

TUFANYE NINI?

Petroli ikimwagika karibu na kisima, tusinywe maji yake mpaka yapimwe. Tusitegemee kuyachemsha, maana mvuke wake tutauvuta jikoni. Tumwarifu mwenyekiti wa kijiji na mtaalamu wa maji. Wala tusioshee madumu ya petroli kisimani.

MASWALI

1. Kwa nini chupa isiwe na hewa?
2. Katika kijiji chenu, mafuta huwekwa umbali gani kutoka kisimani?