Bei ya mafuta: tuhabarishane, lakini tupige hesabu kwanza

Kiangazi kimeingia na pampu zinanguruma mabondeni huku Bigwa. Karibu kila kijana ninayemtembelea ananiuliza hivi: "Afisa, ni sheli ipi ina mafuta rahisi?" Swali zuri. Somo la leo ni namna ya kulijibu bila kubahatisha, maana mafuta yanaingia kwenye pampu, kwenye bodaboda inayoshusha mboga mjini na kwenye Canter inayopeleka nyanya Dar. Ukiyapoteza hapo, faida ya msimu inavuja kidogo kidogo kama bomba lenye tundu.

1. Anza na bei kikomo

EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na bei mpya huanza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kila mji una bei yake, kwa sababu gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini imo ndani. Ndiyo maana Morogoro bei huwa juu kidogo kuliko Dar es Salaam, na ukienda ndani zaidi inapanda tena.

Huhitaji simu kubwa wala bando. Piga *152*00# ufuate maelekezo, utaona bei ya mji wako.

Sasa shika hili: bei kikomo ni dari. Kituo hakiruhusiwi kuivuka, ila kinaruhusiwa kuuza chini yake. Kituo pia kinatakiwa kuweka bei kwenye bango linaloonekana barabarani na kukupa risiti. Nafuu unayoitafuta iko kati ya dari na bei ya kwenye bango, na hapo ndipo tunapohitajiana.

2. Macho mengi kuliko jozi mbili

Wenzetu Marekani wana programu ya simu inaitwa GasBuddy, ilianza kama tovuti mwaka 2000. Dereva akipita kituoni anaandika bei aliyoiona, na wengine wanaisoma kabla hawajafika. Wenye magari ya umeme wana PlugShare: mtu anaonyesha mahali pa kuchaji, anayefuata anaandika kama chaja inafanya kazi au imekufa. Nguvu ya programu hizi iko kwa watu wanaotoa taarifa. Wakinyamaza, ramani inabaki pambo tu.

Sisi tunaweza kuanza na grupu la WhatsApp. Mmoja anapita Msamvu, mwingine Kihonda, mwingine anarudi kutoka Soko Kuu la Chifu Kingalu. Ila tuweke utaratibu:

- Tuma picha ya bango au risiti. "Nimesikia ni rahisi" haihesabiki.
- Andika aina ya mafuta, kituo, tarehe na saa.
- Taarifa iliyovuka siku saba, iulizie upya. Ikivuka Jumatano ya kwanza ya mwezi, itupe kabisa.
- Andika pia kama mafuta yapo. Bei nzuri kwenye kituo kikavu haisaidii mtu.
- Usitume tuhuma. Ukiona bei imevuka kikomo au risiti imekataliwa, hifadhi ushahidi upeleke EWURA. Ukihisi pampu inapunja, angalia stika ya Wakala wa Vipimo, kisha uwaambie wao.

3. Je, kukifuata kituo cha mbali kunalipa?

Hapa ndipo wengi wanapigwa. Hesabu ni hii:

Unachookoa = lita unazojaza × tofauti ya bei.
Unachotumia = mafuta ya kilometa za ziada, kwenda na kurudi.

Chukua mfano. Namba hizi ni za kujifunzia, wewe weka za kwako. Petroli ni shilingi 3,000. Kirikuu yako inakwenda kilometa 10 kwa lita. Kituo cha mbali kina nafuu ya shilingi 25 kwa lita, lakini kukifikia na kurudi ni kilometa 6 za ziada. Unajaza lita 30.

Unaokoa 30 × 25 = shilingi 750. Unachoma lita 0.6, yaani shilingi 1,800. Umepata hasara ya shilingi 1,050, na muda umeondoka.

Kwa hiyo nafuu ya kweli ni ile iliyoko njiani kwako. Ukishusha mzigo Ilala au Mabibo, jaza Dar kabla ya kurudi. Hapo hujaongeza hata kilometa moja.

4. Sasa tazama nafuu kubwa iko wapi

Tuseme Canter inakwenda Dar na kurudi, jumla kilometa 390, na inakwenda kilometa 6 kwa lita. Ni lita 65 za dizeli. Kwa shilingi 3,000, mafuta ni shilingi 195,000.

Ukipata nafuu ya shilingi 25 kwa lita, safari nzima umeokoa shilingi 1,625. Si mbaya.

Lakini angalia mzigo. Canter ikibeba matenga 60, kila tenga linalipia mafuta shilingi 3,250. Ikiondoka na matenga 40 kwa sababu kila mtu alikodi gari lake, kila tenga linalipia 4,875. Tofauti ni shilingi 1,625 kwa kila tenga!

Yaani nafuu ya sheli kwa safari nzima ni sawa na unachopoteza kwenye tenga moja tu ukisafirisha gari lisilojaa. Basi grupu lile lile la bei ya mafuta litumike pia kuulizana: nani anavuna Alhamisi, nani ana matenga mangapi, tujaze gari moja.

5. Na umeme je?

Vituo vya kuchajia bado ni vichache kwetu, hivyo usinunue chombo cha umeme kwa kutegemea chaja ya njiani. Ila pikipiki ya umeme unaweza kuichaji nyumbani kwa LUKU. Mfano: ikitumia uniti 4 kwa kilometa 100, na uniti ni shilingi 360, ni shilingi 1,440. Pikipiki ya petroli inayokwenda kilometa 40 kwa lita itataka lita 2.5, yaani shilingi 7,500.

Usikimbilie dukani bado. Ukipanda milima ya Uluguru na mzigo wa kabichi, umeme unaisha haraka. Uliza pia bei ya betri mpya na itadumu kilometa ngapi, ugawanye, ujumlishe kwenye hesabu.

Kwa mwenye shamba karibu na nguzo, pampu ya umeme ndiyo ya kuanza kuifikiria. Linganisha kwa maji, si kwa saa: pima petroli inayojaza tanki la lita 1,000, kisha uniti zinazojaza tanki hilo hilo. Jibu litakuja lenyewe.

6. Mafuta rahisi yanayogharimu maisha

Tarehe 10 Agosti 2019, hapa hapa Msamvu, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakimbilia kuchota, likalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Hatuhitaji somo la pili. Mafuta yanayomwagika barabarani si bahati. Ukiona, ondoka na uwaondoe wenzako.

Mafuta ya chupa ya uchochoroni nayo yaache, yakichanganywa yanaua injini ya pampu katikati ya msimu. Ukihitaji kubeba petroli ya shambani, uliza kituoni utaratibu kwanza, tumia chombo kilichotengenezwa kwa mafuta, na usikihifadhi chumba mnacholala wala karibu na jiko. Pampu ikiwa ya moto, izime, ipoe, ndipo ujaze.

Kazi ya wiki hii

1. Piga *152*00#, andika bei kikomo ya Morogoro kwenye daftari la shamba.
2. Piga picha mabango ya vituo viwili unavyopita kila siku, tuma kwenye grupu.
3. Pima lita moja inaendesha pampu yako dakika ngapi na inajaza maji kiasi gani.
4. Kabla ya mavuno, tangaza idadi ya matenga yako mapema.

Njooni na madaftari tukikutana. Tutapiga hesabu ya kila mmoja kwa namba zake mwenyewe.