Upweke Ndani ya Nyumba Yenye Watu

Somo langu leo ni hadithi fupi moja: "The Yellow Wallpaper" ya Mmarekani Charlotte Perkins Gilman, iliyochapishwa mwaka 1892. Mama aliyejifungua karibuni anaugua huzuni. Mumewe, ambaye ni daktari, anamweka ghorofani katika chumba chenye madirisha ya nondo ili apumzike, na anamkataza kuandika. Mwishowe mama huyu anaona mwanamke aliyefungwa nyuma ya karatasi ya ukutani, naye anaibandua ili amtoe.

Nataka tuangalie jambo moja. Mama huyu hakutelekezwa. Nyumbani yumo mume, yumo wifi, yumo yaya wa mtoto. Lakini akiomba waondoke, anajibiwa kwa upole kwamba anaendelea vizuri. Upweke wake si kukosa watu, ni kukosa anayemsadiki. Gilman mwenyewe aliwahi kupewa tiba ya namna hiyo, na mwaka 1913 alieleza kwamba aliandika ili kuwaokoa wengine.

Kumtembelea mgonjwa ni haki ya Muislamu kwa nduguye. Basi ukimwendea mwenzako aliyejifungia bwenini, usitangulize nasaha. Muulize hali, kisha msikilize mpaka amalize.