Je, Uandike Riwaya kwa Mwezi Mmoja?

Katika masomo yaliyopita umejifunza kuandika barua, risiti na taarifa ya mkutano. Leo tuzungumze juu ya kazi kubwa zaidi. Wako watu ambao hukaa mwezi mmoja tu, wakaandika riwaya. Riwaya ni hadithi ndefu inayotosha kuwa kitabu. Pengine kijana aliyetoka mjini amekueleza habari hiyo, nawe ukatamani kujaribu. Je, ujiunge nao? Usijibu upesi. Tuitazame kazi yenyewe kwanza.

Ilianza Marekani. Mwezi Julai 1999, katika eneo la San Francisco, kijana aitwaye Chris Baty alikubaliana na wenzake kwamba kila mmoja aandike riwaya yake kabla ya mwezi kwisha. Walikuwa watu 21. Mwaka 2000 wakaihamisha kazi hiyo hadi Novemba, kwa sababu kwao Novemba ni mwezi wa hali mbaya ya hewa, na mtu hukaa ndani. Baadaye watu wengi sana wa nchi nyingi waliifuata. Chama kilichosimamia kazi hiyo kilitangaza Machi 2025 kwamba kinafungwa, na fedha ilikuwa sababu moja. Lakini watu hawakuacha kuandika. Kazi hii haihitaji kibali cha ofisi yoyote.

Masharti yake ni machache. Mwandishi aandike maneno 50,000 katika siku 30. Hakuna hakimu wa kusema hadithi ni nzuri au mbaya. Hakuna zawadi ya fedha. Anayefikisha hesabu ameshinda.

Sasa tufanye hesabu. Gawanya 50,000 kwa 30. Utapata maneno 1,667 kila siku, Jumapili ikiwa ndani, Ijumaa ikiwa ndani, siku ya msiba pia. Katika daftari la kawaida, mstari mmoja huchukua maneno kama 8. Ukurasa wa mistari 25 huchukua maneno kama 200. Basi kila siku ni kurasa nane na zaidi kidogo. Kwa mwezi ni kurasa 250. Nunua madaftari manne ya kurasa 64. Zitabaki kurasa sita tu. Nunua na kalamu zaidi ya moja.

Je, saa ngapi? Mtu aandikaye maneno 10 kwa dakika atahitaji dakika 167, yaani karibu saa tatu kila siku. Hapo hatujahesabu dakika za kukaa na kalamu mkononi ukifikiri, nazo ni nyingi.

Lakini jambo moja hapa linatupa nafuu. Hesabu ile ya 50,000 iliwekwa na watu wanaoandika Kiingereza. Sisi tukisema "sitakuambia", tumetumia neno moja. Mwingereza hutumia manne au matano kusema hilo hilo. Lugha yetu hufunga mambo mengi ndani ya neno moja, kama mzigo wa kuni uliokazwa vizuri. Kwa hiyo anayeandika kwa Kiswahili maneno 40,000 huenda amesimulia hadithi yenye urefu ule ule. Sioni sababu ya kujitesa kwa kipimo cha lugha nyingine. Mkiandika pamoja darasani, kubalianeni hesabu yenu mapema, msiibadilishe katikati.

Jambo la pili ni mwezi wenyewe. Novemba inafaa kwa mtu wa San Francisco. Je, inakufaa wewe? Sehemu nyingi za pwani na kaskazini mvua za vuli zinanyesha, na palizi inangoja. Kusini na nyanda za juu watu wanatayarisha mashamba kwa mvua kubwa. Mkulima anayeketi na daftari wakati majani yanafunika mahindi atakuwa na riwaya mwezi Desemba, na njaa mwaka unaofuata. Chagua mwezi wa mapumziko. Mahali pengi ni baada ya mavuno, Julai au Agosti. Hata wale 21 wa kwanza waliandika mwezi Julai!

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo husahauliwa. Saa tatu hizo zinatoka wapi? Tuchukue mfano wa mama mwenye watoto wanne. Alfajiri anachota maji. Mchana yuko shambani. Jioni anapika, usiku anaosha vyombo. Akitaka kuandika, ama aamke saa kumi usiku, ama mtu mwingine achukue sehemu ya kazi zake. Mtu huyo ni nani? Mara nyingi huwa ni binti mkubwa. Binti akiacha daftari lake la shule ili ashike mwiko wa mama, basi riwaya hiyo imeandikwa kwa saa za mtoto. Zungumzeni nyumbani kabla ya tarehe moja. Baba naye aseme atafanya nini. Kuchota maji ndoo mbili kila asubuhi kwa siku 30 si kazi ya kumshinda mtu mzima. Kama hakuna anayekubali kusaidia, ni afadhali kuchagua hesabu ndogo kuliko kuleta ugomvi ndani ya nyumba. Na baba anayetaka kuandika ajiulize vile vile.

Tuseme umemaliza. Umepata nini? Umepata maandishi ya kwanza, si kitabu. Marekani, Sara Gruen na Erin Morgenstern walianza riwaya zao, *Water for Elephants* na *The Night Circus*, katika mwezi wa namna hii. Lakini havikuwa vitabu vya dukani Desemba iliyofuata. Zilikuja siku nyingi za kufuta, kupanga na kuandika upya. Riwaya hizo zilitolewa mwaka 2006 na 2011. Akikuambia mtu kwamba utauza kitabu baada ya mwezi mmoja, usimpe fedha zako.

Hata hivyo siku ya mwisho ina nguvu yake. Hadithi nyingi hufa kwa sababu mwenyewe husema, "Nitaandika nikipata nafasi." Huku kwetu, *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar ilishinda mashindano ya kuandika hadithi ya 1957-58, ikachapwa mwaka 1960. Mashindano yana tarehe, na mtu mwenye tarehe mbele yake huketi chini akaandika. Wala usiseme riwaya ni kazi ya watu wasio na kazi nyingine. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi.

Onyo moja zaidi. Katika kijiji, kila mtu anamjua kila mtu. Ukiandika habari ya mzee mchoyo mwenye ng'ombe sita na jicho moja, na mzee huyo anakaa nyumba ya tatu, hukuandika riwaya. Umeandika kesi. Badilisha jina, badilisha mifugo, changanya watu wawili wawe mmoja.

Maoni yangu ni haya. Kama barua ya ukurasa mmoja bado inakuchukua jioni nzima, usianze na maneno 50,000. Andika ukurasa mmoja kila siku. Baada ya siku 30 utakuwa na kurasa 30, karibu maneno 6,000, na mkono wako utakuwa mwepesi. Aliyejifunza kusoma na kuandika kisha akaacha husahau. Ukurasa huo mmoja utakulinda. Lakini kama barua haikupi taabu, una hadithi isiyokuacha ulale, mavuno yako ghalani na watu wa nyumbani wamekubali, basi jiunge. Usingoje mpaka ujue hadithi itakwishaje.

ZOEZI

Weka saa mbele yako. Andika kwa dakika 20 juu ya siku uliyoogopa sana. Usifute neno. Kisha hesabu maneno, ugawanye kwa 20. Hayo ndiyo maneno yako kwa dakika moja. Sasa gawanya 1,667 kwa jibu hilo. Utajua dakika unazohitaji kila siku.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Katika kijiji chenu, ni mwezi gani una kazi chache za shamba?

2. Nani nyumbani kwako atachukua kazi zako kwa muda huo? Umemwuliza?

3. Ni hadithi gani ya hapa ambayo bado haijaandikwa, na mzee anayeijua ana umri gani?