Soko la Samaki au Samaki wa Soko? Tatizo Moja la Kusoma Kiingereza Kazimia

Utangulizi

Kazimia iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika eneo la Fizi, Kivu Kusini. Mtoto wa hapa hukua na Kibembe na Kiswahili. Akiingia shule hukutana na Kifaransa, na akifika sekondari huongezewa Kiingereza, tena mara nyingi kwa maelezo ya Kifaransa. Kiingereza hicho hakisikiki sokoni wala bandarini. Ni lugha ya ubaoni. Hata hivyo haja yake inakua. Tangu 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ng'ambo ya ziwa, mkoani Kigoma, masomo ya sekondari hutolewa kwa Kiingereza. Na wengi wetu tuna ndugu waliopitia kambi ya Nyarugusu, ambao leo wako Marekani.

Likizo iliyopita nilisoma Kiingereza na kundi dogo la wanafunzi wa sekondari hapa Kazimia. Kanuni za njeo walizijua kwa moyo. Lakini nilipowapa aya fupi waisome, walikwama. Makala haya yanaeleza sababu moja ya kukwama huko na njia tuliyoitumia kuipunguza.

Neno kuu liko wapi?

Tazama mifano hii:

(1) a. soko la samaki: "fish market"
b. samaki wa soko: "market fish"

Katika Kiswahili neno kuu hutangulia, na kiunganishi cha *-a* hufuata ngeli yake: *la* hutuambia kwamba habari ni ya soko, *wa* kwamba ni ya samaki. Kibembe, kama lugha nyingine ya Kibantu, nacho hutanguliza neno kuu. Kifaransa pia hulianza jambo na soko, kisha samaki. Kwa hiyo lugha zote tatu za mwanafunzi wetu zimemzoeza kulishika neno la kwanza kuwa ndilo linalozungumziwa. Kiingereza, katika miundo kama hii, huliweka neno kuu mwisho, wala hakina *la* wala *wa* ya kumwonya msomaji. Mpangilio wa maneno peke yake ndio unaobeba maana.

Niliandika ubaoni sentensi hii:

(2) Fish market tax collectors met boat owners.

Kila neno walilijua isipokuwa "collectors", ambalo niliwaeleza. Bado mmoja alisoma: "Samaki wa soko la ushuru…" akanyamaza. Hakukosa msamiati. Alikuwa akisoma Kiingereza kwa mwelekeo wa Kiswahili.

Hatua tatu

Kwanza, tafuta kitenzi. Hili si jepesi. Kitenzi cha Kiswahili hujitambulisha chenyewe: *walikutana* kina kiambishi cha watendaji na cha wakati. Katika Kiingereza "fish", "market" na "tax" huweza kuwa nomino au vitenzi bila kubadilika umbo. Basi tafuta alama: "-ed", vitenzi visaidizi kama "is", "has", "will", au kitenzi kisicho cha kawaida ulichokwisha kujifunza. Hapa ni "met".

Pili, tazama neno lililo mara tu kabla ya kitenzi, uulize: ni nani, au ni nini? Ni "collectors", watoza.

Tatu, rudi nyuma neno kwa neno: watoza, ushuru, soko, samaki. Weka viunganishi: *watoza ushuru wa soko la samaki*. Baada ya kitenzi fanya vilevile: *wamiliki wa maboti*.

Kumbe Kiswahili kilichowakwamisha ndicho kilichowafungulia: mfuatano wake hapa ni ule ule wa Kiingereza uliogeuzwa. Wakishalijua hilo, hawahitaji kupitia Kifaransa.

Njia hii ina mpaka wake. Katika "The price of fish has risen", neno lililo kabla ya kitenzi ni "fish", lakini kilichopanda ni bei. Ukiona "of", "in" au "with" ndani ya kirai, neno kuu liko kabla yake.

Maneno madogo

Kukosea soko na samaki kwaweza kuchekesha. Lakini soma onyo hili, la aina inayopatikana kwenye pakiti za dawa:

(3) Do not use unless directed by a doctor.

Wanafunzi walitambua "do not use" na "doctor", wakaunganisha kwa kubahatisha: usitumie, daktari amekataza. Maana yake ni kwamba usitumie ila kwa maagizo ya daktari. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa hiyo, akisomewa hivyo nyumbani, ataiacha. Maneno yaliyorukwa ni "unless" na "by", nayo ndiyo yanayoshika sentensi. Hapa Kifaransa hakina budi kuangaliwa pia: husaidia katika maneno marefu kama "education", lakini hupoteza katika "library", ambayo ni maktaba, wakati "librairie" ni duka la vitabu.

Hitimisho

Ninayoyasema yanatokana na kundi moja dogo, katika likizo moja. Si utafiti uliokamilika. Lakini yananielekeza kwenye pendekezo moja kwa sisi tutakaofundisha. Tusimwombe mwanafunzi aache Kiswahili mlangoni. Katiba ya 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. Darasani nacho kiwe chombo cha kulinganishia. Kabla ya kufundisha kanuni ya Kiingereza, tuulize kwanza: jambo hili Kiswahili hulisemaje, na Kibembe je? Tofauti ikishaonekana, mwanafunzi hujua mahali pa kuwa macho. Siku ya mwisho tuliandika tena "market fish" ubaoni. Kabla sijauliza, walikuwa wamekwisha anza kusoma kutoka kulia.