Somo: Tuzilinde Nyaya za Lori Kabla ya Mvua

Katika toleo hili tunajifunza jambo ambalo wengi wetu huliachia fundi mpaka gari lizime: nyaya za umeme za lori.

Usiku mmoja wa masika, lori letu lililobeba mabati ya zahanati lilizimika taa zote likiwa mwendoni, karibu na Chalinze. Dereva alifaulu kulisimamisha pembeni, na utingo akaweka matawi barabarani. Tunashukuru hakuna aliyeumia. Lilipofika Tabata, fundi alikuta waya wa taa za nyuma umesuguliwa na ukingo wa chesisi hadi shaba ikaonekana. Kibaya zaidi, mtu alikuwa ametoa fyuzi na kufunga uzi wa shaba mahali pake. Waya ule ulipata moto ukaunguza na nyaya nyingine zilizofungwa pamoja nao.

Kwa nini hutokea?

Malori mengi makubwa hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kutoa volti 24. Upande wa hasi hufungwa kwenye chesisi, hivyo chuma cha gari ni njia ya kurudishia umeme. Waya wa chanya ukichubuka na kugusa chuma, unapiga shoti. Taa ya mbele ya wati 70 hutumia takriban ampea 3 tu, lakini betri zikipigwa shoti huweza kutoa mamia ya ampea. Fyuzi ipo ili ikatike kabla waya haujaungua. Ukiweka uzi wa shaba, umeondoa mlinzi.

Hapa Dar es Salaam hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Maji yakiingia kwenye soketi, shaba huota kutu ya kijani na taa huanza kufifia.

Tufanye nini?

1. Kabla ya kugusa nyaya, fungua kichwa cha hasi cha betri kwanza. Wakati wa kurudisha, kifunge mwisho.

2. Kagua kwa tochi kila mahali waya unapopita kwenye tundu la chuma. Pawe na mpira wa kuzuia msuguano.

3. Vika nyaya bomba la plastiki na uzifunge imara kwenye chesisi, mbali na ekzosi na vitu vinavyozunguka. Zisining'inie wala zisikazwe mno.

4. Waya unaoingia kwenye taa ushuke kidogo kwanza, kisha upande. Hivyo maji yatadondoka chini badala ya kuingia ndani.

5. Kiungo cha waya kisiishie kusokotwa na kuzungushiwa tepu. Kibanwe au kiunganishwe kwa risasi, kisha kifunikwe maji yasipenye.

6. Safisha vichwa vya betri, vikaze, halafu paka grisi.

7. Weka fyuzi za akiba ndani ya gari, za ampea zile zile. Fyuzi ikikatika tena, tafuta ubovu, usiongeze ukubwa.

Ukaguzi huu ufanyike Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli.

Maswali ya kujadili

1. Katika gari lenu, nani anajua kila fyuzi inalinda nini?

2. Je, dereva akiripoti taa inayofifia, anasikilizwa au anaambiwa amalize safari kwanza?