Menyu Kunjuzi na Ufasiri wa Vivinjari

Menyu kunjuzi ni orodha ya viungo vya tovuti inayojifunua pindi kishale cha kipanya kinapotua juu ya kichwa chake. Mtunzi huiandika mara moja, lakini kila kivinjari huifasiri msimbo wake kwa namna yake. Makala haya yanadai kuwa kasoro za menyu hizi aghalabu hukawia kutatuliwa kwa sababu mtunzi huchanganya mambo mawili: kufunguka kwa menyu na mwendo wa kufunguka huko. Kwa hivyo, hatua ya kwanza ni kuuondoa mwendo. Menyu ikifunguka bila mwendo, kosa limo katika mwendo. Isipofunguka, ni kazi bure kurekebisha kasi.

Mfano bayana ni Internet Explorer 6, iliyotolewa mwaka 2001 na kuenea katika saiba nyingi. Kivinjari hicho kilitambua kanuni ya hover ya CSS kwenye viungo pekee, ilhali menyu nyingi hutegemea kanuni hiyo kwenye vipengele vya orodha. Menyu iliyofunguka barabara katika Firefox 1.0 ya mwaka 2004 ilikaa kimya humo. Kwa tovuti ya chama cha wanafunzi, athari yake haikuwa ya urembo tu: msomaji wa saiba aliona neno 'Majarida' asiweze kuyafikia majarida yenyewe. Mnamo 2003, Patrick Griffiths na Dan Webb walieleza katika jarida la A List Apart mbinu waliyoiita Suckerfish, ambapo mistari michache ya JavaScript hukitia kipengele jina la darasa kila kishale kinapokigusa, nayo CSS ikalitii jina hilo.

Microsoft ilisitisha huduma kwa toleo la mwisho la Internet Explorer, la 11, kwenye matoleo mengi ya Windows 10 mnamo Juni 2022, lakini kasoro za mwendo hazikuondoka nalo. Urefu ukitolewa kwenye sufuri hadi auto, vivinjari vingi huruka badala ya kutiririka. Ni heri kutumia opacity pamoja na visibility. Katika jQuery, kishale kikipitapita upesi, amri za mwendo hupanga foleni, na menyu huendelea kupanda na kushuka hata mkono ukishatoka kwenye kipanya. Amri ya stop ikitangulizwa, foleni hukatika.

Kuna kasoro moja inayojifanya ya mwendo ilhali siyo: menyu inayofungika kabla ya kufikiwa. Hapo na papimwe pengo kati ya kichwa na orodha, kwani kishale kikiingia pengoni huwa kimekwisha kutoka nje ya menyu.

Simu za skrini ya mguso, nazo, hazina kishale kabisa. Kichwa cha menyu kifanywe kitufe cha kubonyezwa.